Uhakiki wa Istilahi: Ulizo Linalochelewa na Maneno ya Kulichunguzia

Umetufikia mwongozo mmoja wa mafunzo, uliofasiriwa kutoka Kiingereza, na uliokusudiwa watunzaji wa mifumo ya kompyuta katika ofisi na vyuo. Mada yake ni moja tu: namna ya kugundua kwa nini programu ya mtandaoni, yaani ile itumiwayo kwa kupitia kivinjari, huchelewa kutoa jibu inapoiendea kanzidata kutafuta habari. Hatutaji jina la mwongozo wala la wafasiri wake, kwa kuwa kasoro tutakazozieleza si zao peke yao. Zimeenea katika maandishi mengi ya fani hii, na wafasiri hawa wanastahili shukrani kwa kuthubutu kuingia mahali ambapo wengi wetu tumekuwa tukipapita kando.

Uhakiki wa istilahi aghalabu huuliza kama neno ni zuri masikioni, kama limeundwa kwa kufuata kanuni, na kama lina asili ya Kibantu au ya Kiarabu. Maswali hayo yana mahali pake. Lakini mwongozo wa uchunguzi hauna budi kupimwa kwa kipimo kingine pia. Mtu aliye mbele ya mashine iliyokwama, na nyuma yake foleni ya wananchi, akilifuata neno hili litamfikisha penye kasoro, au litampeleka chumba kingine kabisa? Kwa kipimo hicho baadhi ya maneno ya mwongozo huu yamefaulu vizuri sana, na mengine yanaweza kuitia ofisi hasara.

Tuanze na neno ambalo wafasiri hawakulichagua bali walilikuta likitumika, wakaliacha kama lilivyo: *mtandao*. Neno hili, litokanalo na kitenzi *tanda*, limetanda siku hizi kupita kiasi. Intaneti ni mtandao. Nyaya ziunganishazo kompyuta za jengo moja ni mtandao. Kampuni ya simu ni mtandao. Na hata mfumo wenyewe wa kutolea leseni au kupokelea ada huitwa mtandao. Mwananchi akiambiwa dirishani kwamba “mtandao unasumbua”, hawezi kujua kilichoharibika, na mara nyingi karani amwambiaye hajui pia. Ubaya ni kwamba jina hilo hupanda ngazi hadi kwa mkubwa wa ofisi, naye huidhinisha fedha za kununua laini ya intaneti iliyo kubwa zaidi. Tuseme ombi la mtumiaji lilichukua sekunde 9 na robo, na kati ya hizo sekunde 9 zilitumika ndani ya seva, kanzidata ikipekua majedwali. Laini mpya, hata ingekuwa ya ajabu namna gani, itapunguza sehemu ya ile robo iliyobaki. Mwongozo unasema katika ukurasa wake wa kwanza: “Hakikisha kwanza kama tatizo ni la mtandao”, kisha katika ukurasa wa tatu unaiita programu nzima “mtandao”. Msomaji atahakikisha nini? Rai yetu ni kwamba *mtandao* ubakie kuwa jina la mawasiliano kati ya mashine na mashine, *mfumo* au *programu* liwe jina la kile mtumiaji akitumiacho, na *kanzidata* liwe jina la ghala la habari lililo nyuma yake. Wapo wapendao *hifadhidata*, nasi hatuna ugomvi nao. Maneno yote mawili yanaeleweka, na ugomvi huo umekula karatasi za kutosha.

Kwa *query* ya Waingereza mwongozo umetumia *hoja*, kama yafanyavyo maandishi mengi yaliyofasiriwa kwa ajili ya makampuni ya programu. Tunaelewa chimbuko lake. Mtumishi wa serikali anazijua hoja za ukaguzi, nazo hutoka kwa neno hilohilo la Kiingereza. Lakini hoja ya mkaguzi ni shutuma inayodai utetezi, na hoja ya mbunge ni pendekezo linalodai kuungwa mkono. Kile programu inachokipeleka kwa kanzidata si kimojawapo kati ya hivyo. Ni kuuliza na kungoja jibu. Tunalo neno *ulizo*, wingi wake *maulizo*, na wingi huo umekuwa ukiandikwa juu ya madirisha ya ofisi zetu kwa miaka mingi. Dirisha la Maulizo ni mahali pa kuuliza habari na kupewa. Dhana ni hiyohiyo, basi kwa nini tuiache? Katika makala haya tutasema *ulizo*.

Sasa tufike penye kosa lililo zito kuliko yote, nalo limetokana na neno lisilo na hatia yoyote: *kumbukumbu*. Katika mwongozo huu neno hilo limebeba mizigo miwili. Kwanza ni ile sehemu ya mashine inayoshika data kwa muda wakati kazi ikifanyika. Pili ni lile faili ambamo kanzidata huandika yaliyotokea, pamoja na kila ulizo lililopita muda uliowekwa. Matumizi yote mawili yana haki yake katika lugha. Hata mihtasari ya vikao twaiita kumbukumbu. Lakini msomaji atafanya nini akikutana na sentensi hii: “Ikiwa maulizo ni mazito, ongeza kumbukumbu kisha uikague”? Asili ya sentensi, kwa kadiri tuwezavyo kuikisia, ilitaka awashe uandikaji wa maulizo yanayochelewa, kisha alisome faili. Msomaji wa Kiswahili atakwenda kununua vipande vya kumbukumbu na kuvichomeka katika seva. Na kwa bahati mbaya dawa hiyo huonekana kama imefaa kwa siku chache, kwani kurasa nyingi zaidi za jedwali zitakaa karibu na mashine. Jedwali likikua, maradhi yatarudi, na fedha zitakuwa zimekwisha.

Tunapendekeza *daftari la matukio* kwa lile faili, na *daftari la maulizo yanayochelewa* kwa aina hii mahususi. Karani wa bandarini, nesi wa zamu na mlinzi wa getini wote wanalo daftari la namna hiyo, na wote wanajua kwamba kazi yake ni kusomwa baadaye. Yafaa pia mwongozo ueleze kwamba daftari hili halijifungui lenyewe. Katika MySQL huwa limefungwa mpaka mtunzaji alifungue, na hata likishafunguliwa, kiwango cha muda kilichowekwa na watengenezaji ni sekunde 10, muda ambao mtumiaji wa kawaida atakuwa amekwisha kata tamaa na kubonyeza tena. Katika PostgreSQL nako uandikaji huo hauanzi mpaka mtunzaji ataje kiwango cha muda. Mambo haya yamo katika mwongozo, ila yamefichwa chini ya neno *kumbukumbu* kiasi kwamba tuliyaona kwa kusoma mara ya tatu.

Kwa upande wa *faharasa* tunawapongeza wafasiri. Walikuwa na maneno matatu mkononi. *Fahirisi* imekwisha shikwa na wachumi, nao waisemapo fahirisi ya bei kila mtu anaelewa ni kipimo. *Kielezo* kimezoeleka kuwa mchoro au mfano katika kitabu, na tena kinafanana mno na *kielelezo* cha mahakamani. *Faharasa* ndiyo orodha ya mwisho wa kitabu, iliyopangwa kwa alfabeti, ikitaja neno na ukurasa wake. Ni nadra istilahi kukaa juu ya dhana kwa usawa kama huu, maana kanzidata pia huhifadhi data katika kurasa. Katika PostgreSQL ukurasa mmoja una baiti 8,192. Tuchukue jedwali lenye safumlalo 2,000,000, na tukadirie kwamba ukurasa unachukua safumlalo 40. Hizo ni kurasa 50,000. Ulizo linalotafuta mwanafunzi mmoja kwa namba yake, pasipo faharasa, litazifungua kurasa zote 50,000. Faharasa ikiwepo, litafungua kurasa tatu au nne za faharasa na ukurasa mmoja wa jedwali. Muundo wa faharasa hizi, uitwao mti-B, ulibuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight walipokuwa katika kampuni ya Boeing, na makala yao ilichapishwa mwaka 1972. Hadi leo ndio unaotumika zaidi.

Uzuri wa neno zuri ni kwamba humfundisha msomaji hata yale ambayo mwongozo haukuyasema. Anayejua faharasa ya kitabu atatambua mara moja kwa nini faharasa ya majina haimsaidii mtu anayetafuta majina yanayoishia na “-juma” badala ya yanayoanza na “Juma”. Orodha imepangwa kwa herufi za mwanzo. Atatambua pia kwa nini orodha iliyopangwa kwa jina la ukoo, kisha jina la kwanza, haina faida kwa mwenye jina la kwanza pekee. Na akiambiwa kwamba ulizo limebadilisha herufi zote kuwa ndogo kabla ya kulinganisha, ilhali faharasa ilipangwa kwa majina kama yalivyoandikwa, ataona kwamba anatafuta katika orodha isiyokuwapo. Mambo haya matatu ndiyo chanzo cha malalamiko mengi ya “faharasa ipo lakini haitumiki”. Mwongozo umeyapitia kwa sentensi mbili tu. Tungependa yangepewa ukurasa mzima, hasa kwa kuwa wafasiri walikwisha kupata neno la kuyabeba.

Katika *safu* wameteleza. Mara ni mstari wa kulala, mara ni mstari wa kusimama. Katika amri ya kuunda faharasa, mtu asiyejua kama faharasa inawekwa kwenye kulala au kusimama hawezi kuendelea. *Safumlalo* na *safuwima* zipo, zimezoeleka katika programu za majedwali, na hazina utata. Zitumike zote kamili, wala mkia wa neno usikatwe kwa kutaka ufupi.

Sehemu ya nne ya mwongozo inahusu mpango wa utekelezaji. Kabla ya kulijibu ulizo, kanzidata hufikiri njia mbalimbali za kulijibu, huzikisia gharama, na kuchagua iliyo nafuu. Asili ya utaratibu huu ni kazi iliyofanywa na IBM huko San Jose, Marekani. Edgar F. Codd alitoa mwaka 1970 nadharia ya kuweka data katika majedwali na kuziuliza bila kutaja njia ya kuzifikia. Kisha mwaka 1979 Patricia Selinger na wenzake wakaeleza jinsi mashine inavyoweza kuichagua njia hiyo yenyewe kwa kulinganisha gharama. Tangu hapo muulizaji hutaja anachokitaka, na njia huamuliwa na mwingine. Ndiyo maana uchunguzi wa ulizo linalochelewa ni kazi ya kumhoji huyo mwingine: ulipita wapi, na kwa nini?

Hapa *gharama* ni neno sahihi, lakini linahitaji tahadhari ambayo wafasiri hawakuitoa. Gharama hii si shilingi wala si sekunde. Ni namba ya kulinganishia tu: katika PostgreSQL kusoma ukurasa mmoja kwa mfululizo kumepewa 1, na kuurukia ukurasa ulio mbali kumepewa 4, isipokuwa mtunzaji abadilishe. Kwa sababu ya tofauti hiyo kanzidata huweza kuiacha faharasa kwa makusudi pale inapotakiwa kuleta sehemu kubwa ya jedwali, kama vile mtu anayetaka nusu ya kitabu anavyokisoma moja kwa moja badala ya kurukaruka kwa kufuata orodha ya nyuma. Mtunzaji asiyelielewa hili hudhani mashine imekosea.

Kuna msamiati ambao watumishi wa umma wanao tayari na ambao ungeifaa sehemu hii kuliko ule uliotumika. Kila mwaka wa fedha tunaandika *makadirio*, na mwisho wake tunayalinganisha na *matumizi halisi*. Mpango wa ulizo nao una namba hizo mbili: safumlalo zilizokadiriwa na safumlalo halisi. Penye makadirio ya 10 na halisi ya 400,000, hapo ndipo pa kuanzia, maana njia iliyochaguliwa kwa ajili ya 10 haifai hata kidogo kwa 400,000. Mwongozo unasema “thamani tarajiwa” na “thamani ya kweli”, maneno ya mwalimu wa hesabu. Si makosa, ila mhasibu aliyeketi meza ya pili angeyaelewa yale mengine bila kufundishwa.

Na makadirio hayo hutoka wapi? Hutoka katika *takwimu*, na hapa pana shimo lingine. Mwongozo umetumia *takwimu* kwa data zenyewe na pia kwa muhtasari ambao kanzidata hujiwekea juu ya data hizo: kuna safumlalo ngapi, thamani zipi hurudiwa mara nyingi, zimetawanyika vipi. Kwa hiyo sentensi “takwimu zimepitwa na wakati, zisasishwe” itasomwa kwamba makarani wameingiza habari za zamani, na barua ya kuwakaripia itaandikwa siku hiyohiyo. Makarani hawana kosa. PostgreSQL huchukua sampuli ya safumlalo 30,000 kwa kiwango chake cha kawaida, na huirudia sampuli hiyo yenyewe pale takriban sehemu moja ya kumi ya jedwali inapokuwa imebadilika. Matokeo ya mtihani ya shule nyingi yakiingizwa kwa mkupuo, na ripoti ikaombwa dakika hiyohiyo, muhtasari huwa bado ni wa jana. *Data* ibaki kuwa data, neno lililokwisha kaa katika Kiswahili, na *takwimu za kanzidata* ziwe huo muhtasari.

Tulistaajabu kidogo kuona kwamba katika mifano miwili wafasiri wamezifasiri hata amri zenyewe, wakaandika CHAGUA mahali pa SELECT. Maneno hayo ni ya lugha nyingine, lugha ya SQL, iliyobuniwa katika miaka ya 1970 na Donald Chamberlin na Raymond Boyce, na mashine haijui nyingine. Mwanafunzi ataiandika amri kama alivyoionyeshwa na atapewa kosa. Amri ziachwe kama zilivyo, na maelezo yake ndiyo yafasiriwe.

Hilo la CHAGUA ni dogo, kwa kuwa kosa lake hujionyesha papo hapo. Lililo hatari ni maelezo ya amri EXPLAIN na EXPLAIN ANALYZE. Ya kwanza wameieleza kuwa ni “kueleza”, ya pili “kueleza na kuchanganua”. Msomaji ataona kwamba zote mbili ni za maneno matupu, na ya pili ina maneno mengi zaidi. Sivyo. Ya kwanza huonyesha mpango pasipo kuutekeleza. Ya pili hulitekeleza ulizo kwelikweli, huku ikilipima muda. Ikiwekwa mbele ya amri ya kufuta safumlalo, safumlalo zitafutwa. Na tena ANALYZE ikisimama peke yake ni amri ya tatu, ile ya kukusanya takwimu za kanzidata tulizozitaja. Kiingereza chenyewe kimetumia neno moja kwa kazi mbili, na mfasiri anayefuata neno badala ya kazi hurithi utata huo na kuuongeza. Kwetu ya pili iitwe *kutekeleza na kupima*, ya tatu *kukusanya takwimu*, na neno *kuchanganua* liwekwe kando katika sura hii nzima.

Mwongozo haukupata jina kwa kasoro moja iliyo ya kawaida sana katika programu za mtandaoni; umeieleza kwa fomula ya hesabu na kupita. Programu huuliza orodha ya wanafunzi 50, kisha kwa kila mwanafunzi hurudi tena kanzidatani kuuliza ada yake. Hayo ni maulizo 51 mahali ambapo moja au mawili yangetosha. Wafanyabiashara wetu wana jina la jambo hili: *rejareja*. Tunapendekeza *maulizo ya rejareja*, na kinyume chake *ulizo la jumla*. Jina linafaa zaidi kwa sababu linaeleza kwa nini maradhi haya hayaonekani. Kila ulizo la rejareja ni jepesi, pengine la milisekunde 20, na daftari la maulizo yanayochelewa halitaliandika hata moja. Lakini 51 kati yake ni sekunde nzima. Ili kuyaona, mtunzaji hana budi kujumlisha muda wa ulizo la aina moja kwa mara zote lilizoulizwa, kazi ifanywayo katika PostgreSQL na kiambatisho kiitwacho pg_stat_statements. Wafasiri wamekiita “takwimu za taarifa”, jina ambalo halimwambii mtu chochote. Jina la kiambatisho liachwe, na kazi yake iitwe *jumla ya muda kwa kila aina ya ulizo*.

*Muamala* wameutumia vizuri, na kwa shukrani kwa simu za mkononi kila mtu anajua kwamba fedha ama zimetoka huku na kufika kule, ama hazikutoka kabisa. *Kufuli* pia ni sahihi. Lililokosekana ni kutenganisha ulizo *linalofanya kazi* na ulizo *linalosubiri*. Mwongozo unayaita yote “mazito”. Ulizo linaweza kuwa jepesi kabisa na likachelewa dakika 5 kwa sababu safumlalo linaloitaka imefungwa na muamala wa mtu mwingine, aliyeufungua akaenda kunywa chai. Hapo faharasa haisaidii, na kusoma mpango wa utekelezaji ni kupoteza wakati. La kufanya ni kumtafuta aliyeshika kufuli, katika orodha ya pg_stat_activity. Kwa hiyo *ulizo zito* liwe lile linalotumia nguvu nyingi za mashine, *ulizo lililozuiwa* liwe lile linalongoja kufuli, na *ulizo linalochelewa* liwe jina la jumla la dalili, kabla chanzo hakijajulikana.

Tumeambiwa kwamba toleo la pili la mwongozo linatayarishwa. Likiwa na nafasi ya kusahihisha ukurasa mmoja tu, uwe ule wa EXPLAIN ANALYZE, na juu yake yaandikwe kwa herufi nzito: “Amri hii hulitekeleza ulizo. Usiiweke mbele ya amri ya kufuta au kubadilisha data, isipokuwa ndani ya muamala utakaoutangua.”